Taa ya Jirani

Mke wa mwenye mashine aliomba radhi hata kwa viti. Akijikwaa kwenye mguu wa meza aligeuka na kusema, "Samahani," na meza, kama zilivyo meza zote, haikujibu. Aliomba radhi maji yakichelewa kuchemka. Aliomba radhi mvua ikinyesha nguo zikiwa kambani, kana kwamba mawingu yalikuwa ya kwao. Ndiyo maana wifi yake alimbandika jina la Samahani, na jina likamganda kama unga mbichi vidoleni. Mama mkwe akalishika. Mumewe naye akalishika, kwa mapenzi, au kwa kitu kinachokaa jirani na mapenzi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba kipya kilichonuka saruji, na ndani yake mashine ya kutotolesha vifaranga: sanduku la mbao, kubwa kama kabati la nguo, lenye kioo kidogo mlangoni. Balbu za ndani zilitoa mwanga wa rangi ya chai nyepesi. Alasiri kazi zikipungua, Samahani aliingia humo, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akasahau kama ana miguu. Joto lilimpanda taratibu. Trei juu ya trei mayai yalilala katika mwanga ule, na sasa, zikiwa zimebaki siku chache yapasuke, yalikuwa yameanza kusema. Ilianza sauti kavu, ndogo, kama ukucha unaokwaruza karatasi. Kisha mlio mmoja ndani ya gamba. Kisha mwingine, trei ya chini, ukaujibu.

"Unazungumza nayo?" Wifi alisimama mlangoni, beseni kiunoni.

"Nayasikiliza tu."

"Yanasemaje?"

"Yanaomba yapishwe."

Wifi akacheka mpaka beseni likamtoka. "Hata mayai ya nyumba hii yameshaambukizwa! Bado hayajatoka, yanaomba njia!"

Samahani akacheka pia. Kisha akaomba radhi kwa ajili ya beseni.

Mumewe alikuwa mlinzi wa ofisi mpaka ofisi ilipoamua kulindwa na kamera. Alirudi nyumbani na filimbi yake shingoni, akakaa muda mrefu akitazama dari. Mashine ndiyo iliyomnyanyua. Aliiunda kwa mikono yake, akauza vifaranga vya kwanza, vya pili, vya tatu, na siku mtu wa sokoni alipomwita Baba Vifaranga alifika nyumbani akitembea kama mtu aliyerudishiwa urefu wake. Chumba cha nyuma alikijenga kwa ajili yake, hiyo mashine, maana sebuleni ilikuwa ikigombana na makochi. Mayai haya yalikuwa ya kwanza kulala katika chumba kipya.

Na kwa kuwa aliyapenda, aliyakosea. Alimwambia fundi wa mtaani autoe umeme wa chumba kile moja kwa moja kwenye mita, bila kupitia swichi kuu ya nyumba, ili asitokee mtu wa haraka akazima swichi na kuwapoza watoto. Akafukia nyaya za mashine ukutani, akapiga lipu juu, pasiwe na plagi ya kuchomolewa na mwenye pasi. Fundi akasema, "Sawa, bosi." Mafundi wa namna ile husema sawa kwa kila kitu.

Nyumba ilikuwa na jenereta pia, na waya uliotoka kwenye jenereta kuja kuchomekwa ukutani, wenye plagi huku na plagi huku. Waliuita ndumilakuwili. Aliyewauzia alikuwa na adabu ya kuwaonya: kabla ya kuwasha, shusheni swichi kuu, la sivyo umeme wenu utatoka nje, utapanda nguzo, utamkuta mtu huko. Mama mkwe aliyachukua maneno yale kama anavyochukua kila jambo, kwa uzito. Umeme ulipokatika alishusha mkono wa swichi, akavua kilemba chake cha buluu, akakitundika juu yake. Kilemba kikiwa pale, washa. Kilemba kikiwa kichwani kwa mama, usiguse. Ikawa sheria ya nyumba, na sheria ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba hakuna tena aliyetazama swichi. Walitazama kilemba.

*

Siku ile Baba Vifaranga aliondoka asubuhi kwenda mbali kuchukua chanjo. Kabla ya kwenda aliisogeza jenereta kibandani, karibu na chumba kipya, akamwambia dada yake, "Umeme ukikatika, chomeka humu humu chumbani. Usihangaike na jikoni."

Mchana ukaja upepo. Haukuja kwa kelele. Ulikuja kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, ukagusa mapazia, ukafunga mlango mmoja, ukafungua mwingine. Kisha ukavunja tawi penye kona, tawi likaangukia waya wa barabara, na mtaa mzima ukazimika. Mvua ikafuata. Njia ikageuka rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa majivu. Gari la watu wa umeme likapita polepole na ngazi mgongoni, likapinda kona, likapotea.

"Simu ya kaka haipatikani," Wifi alisema. "Kule alikoenda mto umepita juu ya daraja, nasikia. Harudi leo huyo."

Mama mkwe alikuwa ameshafika kwenye swichi. Akashusha mkono, akavua kilemba, akakitundika. Nywele zake nyeupe zilisimama kama moshi. "Washeni," alisema.

Wifi akavuta kamba ya jenereta, ikakohoa, ikakataa, akaitukana, ikawaka. Akamchomeka ndumilakuwili kwenye soketi ya ukuta wa chumba kipya. Nyuma ya kioo mwanga wa chai ukarudi, na mayai, yaliyokuwa yamenyamaza kwa hofu au kwa kusikiliza, yakaanza tena kusema.

Samahani alikuwa barazani akikinga maji ya mvua. Mbele yake, ng'ambo ya njia, nyumba ya jirani mshonaji ilikuwa nyeusi nyuma ya pazia la maji. Kisha haikuwa nyeusi tena. Dirisha lake likajaa njano, taratibu, kama kikombe kinachomiminiwa. Redio yake ikaamka katikati ya wimbo. Akaonekana mwenyewe, mnene, akipiga makofi. Ilikuwa nzuri, ile taa katika mvua. Samahani aliitazama kwa raha ya kitambo, kama mtu anayeota anavyotazama kitu kisichohitaji sababu.

Halafu akakumbuka kwamba jirani hana jenereta.

"Wifi," aliita. "Umeme umerudi?"

"Umerudi wapi? Huisikii hii inavyokohoa?"

"Mbona kwa jirani kuna taa?"

"Labda kwake umerudi."

"Kwake na kwetu ni waya mmoja."

Akaenda kwenye swichi. Kilemba kilikuwa pale. Akakifunua kidogo, kama anayefunua shuka kumtazama aliyelala. Mkono wa swichi ulikuwa chini, umeshuka kabisa, hauna kosa. Akasimama. Kisha macho yake yakaufuata waya wa chumba kipya: ulitoka ukutani, ukatambaa chini ya dari, ukaipita swichi kuu bila hata kuisalimia, ukaingia kwenye mita. Na kutoka kwenye mita ukatoka nje. Na nje kulikuwa na nguzo, na kwenye kona kulikuwa na gari, na ngazi, bila shaka, haikuwa tena mgongoni mwa gari.

Aliizima jenereta. Ng'ambo, wimbo ukakatika katikati ya neno.

"We!" Wifi alitoka mbio. "Umefanya nini?"

"Samahani, wifi. Umeme wetu unatoka nje."

"Unatokaje, na kilemba kiko juu?"

"Chumba hiki hakijui kilemba. Waya wake haupiti pale."

Wifi hakusubiri kuelewa. Akavuta kamba, jenereta ikawaka, na ng'ambo redio ikadaka wimbo mbele kidogo ya pale ulipoachwa. Wote wakaisikia. Mama mkwe, aliyekuwa amefika na fimbo yake, aliisikia pia.

Samahani akaizima tena.

"Mama," alisema, "kuna mtu juu ya nguzo."

"Watu wa umeme wana akili zao," mama mkwe alijibu. "Wana glovu. Wanapima kabla ya kushika."

"Labda wanapima."

"Basi."

"Labda wameshapima, Mama, kabla hatujawasha. Aliyeshapima anashika."

"Tumchomeke jikoni," Wifi alisema.

"Umeme wa jikoni haufiki huku. Swichi iko chini. Chumba hiki hakipati moto ila kwa waya huu, na waya huu uko mikononi mwa yule aliyeko kwenye kona."

"Unamjua?" Wifi aliuliza. "Ni kaka yako? Jina lake nani? Haya mayai nayajua. Kaka yangu nimemwona akitazama dari, nimemwona! Akirudi kutazama dari utamlisha wewe?" Akakaribia, na sauti ikashuka, na kwa kushuka ikawa mbaya zaidi. "Lakini wewe utajuaje. Hujawahi kusubiri chako kitoke."

Mvua iliendelea kunyesha. Mama mkwe alitazama chini, maana lile neno lilivuka mpaka.

"Kule juu kuna mtoto wa mtu," Samahani alisema.

"Na humu ndani kuna mali ya mtu," alisema mama mkwe, polepole. "Acha waya, mwanangu. Nusu saa tu. Mayai yapate joto, kisha tuzime."

Alimwita mwanangu. Katika miaka yote aliyokaa pale hakuwahi kuitwa hivyo, na neno lilimwingia kama joto la kioo kile, likampanda. Angeweza kulala ndani ya neno lile. Mkono wa Wifi ulikuwa tayari kwenye kamba.

Akamchomoa ndumilakuwili ukutani, akamchomoa kwenye jenereta, akaenda naye jikoni. Wifi na mama mkwe waliposikia mkasi mkubwa wa kukatia kuku walikimbilia huko, lakini plagi moja ilikuwa imeshaanguka sakafuni, na ya pili ikaifuata. Akavikata vichwa vyote viwili. Kiwiliwili akakiweka mezani, kimejikunja.

Hakusema samahani. Wifi ndiye aliyegundua kwanza, na hilo lilimtisha kuliko mkasi.

*

Samahani alitoka na mwavuli uliovunjika ubavu, akatembea mpaka kwenye kona. Maji yalipita juu ya ndala zake. Kila kitu kilikuwa mbali na laini: kuta, mageti, mbwa aliyelala chini ya gari bovu. Alihisi kama anatembea ndani ya kichwa cha mtu mwingine.

Mtu alikuwepo. Alikuwa juu, mkanda umemshika kiunoni, miguu imekanyaga vyuma vya nguzo. Glovu moja alikuwa nayo mkononi, nyingine ameibana kwa meno ili vidole vipate kuusokota waya. Kutoka chini alionekana mdogo na asiye na haraka, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Mwenzake alikuwa ndani ya gari akila mkate.

Samahani alisimama chini ya nguzo. Hakujua amekuja kusema nini. Alitaka kuona tu.

Mtu wa juu akaitoa glovu mdomoni. "Unataka nini, mama?"

"Sitaki kitu."

"Umeme bado! Mnatuma watu kila dakika. Wa kwanza kaja na bia zake zinapata moto, wewe una friji la nini? Nyama?"

"Mayai," alisema.

Yule wa garini akacheka na mkate mdomoni. "Kayakaange, mama!"

"Nendeni mkalale," wa juu alisema. "Kesho. Msitusumbue."

Wifi alikuwa amemfuata mpaka nusu ya njia, na alisikia yote. Samahani alimpita akirudi nyumbani, nao wakatembea hivyo, mmoja mbele na mwingine nyuma, kama watu wasiojuana waliotoka kwenye msiba mmoja.

*

Walijaribu. Hilo lazima lisemwe. Walichemsha maji kwa mkaa, wakajaza chupa, wakazivika soksi na kuzipanga kati ya trei. Walilifunika sanduku kwa mablanketi, kwa makoti, kwa pazia la sebuleni. Mama mkwe aliketi chini akiliegemea kwa mgongo, kana kwamba mwili wa mwanamke mmoja mzee ungeweza kulipasha. Mahali fulani kati ya chupa zilizopoa na chupa zilizochemka upya, wanawake watatu walisinzia kwa zamu, na wote waliota kitu kimoja bila kuambiana: uwanja mpana wa rangi ya chai, na kitu kinachogonga kutoka upande wa pili, kikiomba kupishwa. Kugonga kukawa kwa mbali. Kukawa kwa mbali zaidi.

Umeme ulirudi alfajiri. Balbu zikawaka nyuma ya kioo, nzuri kama kawaida, juu ya trei zilizonyamaza. Katika kona ya trei ya juu vifaranga vitano vilikuwa vimetoka, vimelowa, vikisukumana kwa mabega. Mayai mengine yalikuwa na tundu dogo, na kwenye tundu ncha ya mdomo, na ncha haikutikisika.

Baba Vifaranga alifika jua likiwa limeshapanda, suruali imelowa mpaka magotini, boksi la chanjo kifuani. Walimweleza wakiwa wamesimama. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Walimsikia akifungua trei moja baada ya nyingine. Alipotoka alikuwa na ndoo iliyojaa mayai, na alikuwa mfupi tena.

*

Jioni akaitwa baba mdogo, maana nyumba ile ilipatanishwa na baba mdogo tangu zamani. Alikaa kwenye kochi zuri, ndoo ikiwa mbele yake. Alivuta pumzi kama anayevuta maji kisimani.

"Mimi sikuja kuhukumu," alisema. "Nimekuja kupatanisha. Mkwe, tumekusikia. Uliogopa. Mwanamke kuogopa si kosa."

"Sikuogopa, Baba Mdogo. Niliona taa."

"Uliona taa. Sawa. Sasa nikuulize: huyo mtu wa nguzo, alikufa?"

"Hakufa."

"Aliumia? Alipiga kelele?"

"Alinifukuza."

Wifi akaguna. Baba mdogo akanyoosha mikono miwili, mmoja upande huu, mmoja upande ule. "Huku hakuna kitu. Huku kuna ndoo. Mtu akitazama, anaona nini?"

Hapo ndipo mlango ulipogongwa, na jirani mshonaji akaingiza kichwa, shati la mteja mkononi. "Jamani poleni kuwaingilia. Nauliza tu, nanyi jana umeme uliwachezea? Kwangu ulikuja, ukaenda, ukaja, ukaenda. Nimepiga pasi mkono mmoja. Tazameni!" Akalinyanyua shati. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooka kama wa bwana harusi, wa kushoto kama umetoka mdomoni mwa ng'ombe. "Mwenyewe anakuja kesho, nitamwambia avae nusu?"

Jirani akatazama nyuso, akatazama ndoo, akashusha shati. "Basi nitarudi," alisema, naye hakurudi.

Baba Vifaranga alikuwa akiutazama ule mlango uliofungwa. Umbo la jambo lilimjia hapo, lote kwa pamoja: ukuta wake, lipu yake, waya alioamuru upite njia ya mkato. Alijua. Mkewe aliona kwamba anajua. Kama angesema wakati ule, hadithi ingeishia kwingine. Lakini mtu aliyepoteza urefu wake mara mbili hana haraka ya kuinama, na baba mdogo alikuwa kwenye kochi, na dada yake alikuwa akimtazama.

"Tuyamalize," alisema, sauti ndogo. "Sisemi neno zaidi. Aniombe radhi mbele ya Mama, yaishe. Neno lenyewe analijua. Analiambia hata meza." Akajaribu kutabasamu. "Samahani. Sema tu."

"Mbona jepesi," Wifi alisema. "Siku zote linamtoka bila kuvutwa."

Mama mkwe alikuwa ameinuka. Alitembea na fimbo yake mpaka kwenye swichi kuu, akakitoa kilemba cha buluu kilichosahauliwa pale tangu jana, akakikung'uta vumbi. Akakifunga kichwani polepole, mzunguko kwa mzunguko, akabana ncha. Kisha akarudi kukaa, si pale alipokuwa, bali karibu na mkwewe, na akatazama mbele.

Kutoka chumba cha nyuma vile vifaranga vitano vililia kwa pamoja, vikanyamaza.

Samahani alisimama. Goti lake likagonga meza ndogo, kikombe kikatikisika kwenye kisahani. Wote wakangoja. Meza nayo, pengine, ikangoja. Hakuigeukia.

"Mayai nimeyaua mimi," alisema. "Sisemi ni baridi, sisemi ni upepo. Na nimeyalilia kuliko wote mliomo humu, maana mimi ndiye niliyeyasikia. Lakini mkileta ndumilakuwili mwingine mkamchomeka kwenye ukuta ule, nitamkata naye, hata mashine ikiwa imejaa mpaka juu. Yule mtu hanijui, na sitaki anijue. Nanyi mkiona ndoo tu, hiyo ndoo ni yenu. Radhi siombi."